Kutoa, Kutolewa na Kujitoa: Dhamira ya Sadaka katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela

Utangulizi

Dhamira ya kujitolea haikosekani katika fasihi tunayoifundisha shuleni. Katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, Mwelusi anaupoteza uhai wake kwa kuwatetea watu wa Butangi. Katika Kilio cha Haki (1981) cha Alamin Mazrui, Lanina anasimama mbele ya wafanyakazi wenzake na kuyakabili yatakayompata. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Neema anaubeba mzigo wa matibabu ya mama yake, Sara. Mtahiniwa akiulizwa swali kuhusu dhamira hii, mara nyingi huorodhesha wahusika watatu au wanne, akaandika mbele ya kila mmoja kwamba "amejitolea", kisha akafunga kwa methali. Jibu la namna hiyo hupata alama chache kwa sababu halijauliza maswali yanayostahili kuulizwa: Ni nani aliyetoa? Ametoa nini? Kilichotolewa kilikuwa chake au cha mwenzake? Na ni nani anayetusimulia kwamba hiyo ilikuwa sadaka?

Makala haya yananuia kuyajibu maswali hayo kwa kukitazama kitabu kimoja kikongwe, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1934. Hakimo katika orodha ya vitabu teule vya miaka ya karibuni, lakini sababu za kukirejelea zipo. Kwanza, ni miongoni mwa kazi za awali za nathari ya Kiswahili zilizoandikwa na Mwafrika wa Kenya. Pili, mahali pake ni petu: ni Frere Town, upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwanafunzi anayepanda matatu pale Kengeleni, na hata yule wa Likoni au Changamwe anayepita hapo akienda Nyali au Bamburi, hukanyaga ardhi ya kitabu hiki. Tatu, sadaka kama nidhamu ya kiroho ya Mkristo ndiyo imani iliyoujenga mji ule, na bila ya kuielewa hatuwezi kumsoma Mbotela kwa haki.

Hoja yetu ni hii: kitabu hiki kina sadaka za namna mbili. Moja inasifiwa waziwazi, nayo ni ile ya wamisionari na Waingereza. Ya pili imo katika matukio yenyewe lakini haisifiwi sana, nayo ni ile ya watu waliokombolewa. Msomaji anayeisikia ya kwanza peke yake amekisoma kitabu nusu.

Msamiati wa sadaka

Kabla ya kuingia kitabuni, mwalimu aanze na maneno. Kiswahili kina hazina kubwa katika uwanja huu, na wanafunzi huyachanganya maneno hayo kana kwamba yote ni kitu kimoja.

Sadaka, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kitu kinachotolewa kwa hiari kwa ajili ya Mungu au kwa mhitaji. Mwislamu na Mkristo wa Mombasa wanalitumia sawasawa. Dhabihu ni mnyama anayechinjwa katika ibada. Neno hili wanafunzi Wakristo wanalijua zaidi kutokana na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952. Kafara ni kile kinachotolewa ili balaa lipite au kosa lifutwe. Katika mazungumzo ya kila siku, anayetolewa kafara kwa kawaida hakuulizwa. Fidia ni malipo ya kumkomboa mtu au kulipia hasara. Kujinyima ni kujizuilia kitu ulicho na haki nacho. Kujitolea ni kutoa nguvu, muda au maisha yako mwenyewe.

Neno mhanga lina mafunzo yake. Zamani "kujitoa mhanga" kulimaanisha kuyatoa maisha yako kwa ajili ya wengine. Lakini "wahanga" huitwa pia wale waliopatwa na janga bila ya kupenda: wahanga wa mafuriko, wahanga wa ajali. Na tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, hasa baada ya mashambulizi ya Nairobi ya mwaka 1998 na ya Kikambala ya mwaka 2002, redio na magazeti yamelifungamanisha neno hilo na mtu anayejilipua ili aue wengine. Neno moja sasa linambeba mwenye kujitoa, aliyetolewa na mwenye kuwatoa wenzake. Mwanafunzi akiona hilo, ataelewa kwa nini swali la "nani ametoa nini" si la mapambo.

Sarufi yetu inatupa chombo cha kulijibu. Tukikinyambua kitenzi toa tunapata hali tatu. Anayetoa ni mtenda. Kitu anachokitoa kiko nje yake. Anayetolewa ni mtendwa, hana kauli. Anayejitoa ni mtenda na mtendewa kwa wakati mmoja. Anachokitoa ni yeye mwenyewe. Katika mafundisho ya Kikristo, sadaka iliyo kamili ni hii ya tatu. Ndiyo maana Paulo, katika waraka wake kwa Warumi sura ya 12, anawataka waumini waitoe miili yao kama dhabihu ilhali wangali hai. Mnyama wa madhabahuni hutolewa mara moja, akafa. Mtu aliye hai hujitoa leo, na kesho inambidi ajitoe tena. Hapo ndipo sadaka inapokuwa nidhamu, yaani zoezi la kila siku, wala si tukio la siku moja.

Tukiuchukua mnyambuliko huu wa toa, tolewa na jitoa, tunaweza kumkagua kila mhusika wa Mbotela.

Usuli wa Frere Town

Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na shirika la wamisionari wa Kianglikana la Church Missionary Society (CMS). Aliyeusimamia mwanzo wake ni William Salter Price, na jina ni la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuipiga marufuku biashara hiyo baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi yaliyoendelea kusafirisha watu kwa siri, palihitajika mahali pa kuwaweka waliookolewa. Shirika likanunua ardhi upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Mwaka huohuo wa 1875 walipokewa zaidi ya watu 200.

Watu hao walitoka mbali: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Hawakuwa na lugha moja wala ukoo mmoja. Wenyeji waliwaita mateka. Waliofika kwa kuwatoroka mabwana zao waliitwa watoro, na wengi wao walikimbilia Rabai. Pamoja nao walikuwapo Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani, wakasomeshwa India na kurudishwa. Miongoni mwao ni William Jones na Ishmael Semler, ambao baadaye waliwekewa mikono ya uchungaji.

Maisha ya mji yaliongozwa na kengele. Iliita watu kazini, shuleni na kwenye sala, na ilitumika kutoa tahadhari pale iliposhukiwa kwamba mji utavamiwa na waliotaka watumwa wao warudishwe. Jina la Kengeleni limetokana nayo, na mnara wa kengele ungalipo hapo barabarani.

James Mbotela alikuwa mwana wa mmoja wa waliokombolewa, na alikulia katika jamii hiyo. Watahiniwa wengi wamelisikia jina hilo kwa njia nyingine: Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mashuhuri wa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", aliyefariki mwaka 2025, alikuwa wa ukoo wake.

Muundo wa kitabu na sauti ya msimulizi

Uhuru wa Watumwa kimejengwa juu ya safari. Watu wanatekwa huko bara, wanafungwa, wanatembezwa hadi pwani, wanapakiwa jahazini, wanaokolewa baharini, na mwishowe wanaletwa Frere Town, ambako wanaanza maisha mapya ya shule, kazi na kanisa. Ni muundo wa moja kwa moja, kutoka gizani hadi kwenye nuru. Msomaji wa Biblia atautambua mara moja: ni muundo wa Kutoka, wa wana wa Israeli kutolewa Misri. Mwandishi hakuhitaji kuutaja. Jamii yake ilikuwa ikiusikia kanisani.

Msimulizi hasimulii aliyoyaona yeye. Anasimulia aliyoyapokea kutoka kwa wazazi. Kwa hiyo utanzu wa kitabu hiki uko kati ya historia, masimulizi ya ukoo na ushuhuda. Ushuhuda wa Kikristo una kanuni yake: anayeshuhudia husema alikuwa wapi, nani alimtoa huko, kisha hushukuru. Shukrani ndiyo kilele cha ushuhuda.

Hapa ndipo wahakiki walipomshika Mbotela. Wamesema, na wamesema kweli, kwamba shukrani yake imezidi mpaka. Waingereza wanasifiwa kana kwamba walikuja Afrika Mashariki kwa huruma tupu. Ukoloni, uliokuwa umekwisha kutia mizizi mwaka 1934, hauulizwi swali. Waarabu wanachorwa kwa rangi moja, ya ukatili. Kwa wahakiki wa kizazi cha Uhuru, kitabu hiki kikawa mfano wa fasihi ya kumtukuza mkoloni.

Hukumu hiyo ni sahihi kuhusu kauli za msimulizi. Lakini kazi ya fasihi haiishii katika kauli za msimulizi. Pana matukio pia, na mara nyingi matukio husema jambo ambalo msimulizi hakukusudia kulisema. Tukiuliza ni nani katika kitabu anayetolewa, nani anayetoa na nani anayejitoa, tutaona mengi ambayo sifa zimeyafunika.

Waliotolewa

Sehemu ya mwanzo ya kitabu ni ya watu waliotolewa. Wameng'olewa makwao, wametenganishwa na watoto na wazee wao, wamefanywa bidhaa. Hapa hakuna sadaka. Pana kafara kwa maana ile mbaya: mtu anaangamizwa ili mwingine afaidike. Mtahiniwa asithubutu kuandika kwamba watumwa "walijitolea" kwa kuvumilia mateso. Kuvumilia usichoweza kukikwepa ni ushujaa wa aina yake, lakini si sadaka, kwa sababu hiari haipo.

Hapa tuzingatie jambo la msingi. Mtu hawezi kutoa kisicho chake. Mtumwa, kwa sheria za waliomnunua, hakuwa na chochote kilicho chake, hata mwili wake. Kwa hiyo mtumwa alinyimwa chakula na mapumziko, na zaidi ya hayo alinyimwa uwezo wenyewe wa kutoa. Methali yetu husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hata moyo unahitaji mwenye moyo awe mtu huru. Kumbe uhuru ndio mlango wa sadaka. Jambo hili ndilo linaloipa uzito sehemu ya pili ya kitabu.

Waliotoa

Sifa nyingi za msimulizi zinawaendea waliotoa: mabaharia, wamisionari, wakubwa wa serikali. Hatuna sababu ya kukana kwamba wapo waliojinyima. Wamisionari wengi walikufa kwa homa, na waliobaki waliishi mbali na jamaa zao kwa miaka mingi. Mtangulizi wao, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe Rosina alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na kitoto chao cha kike kikamfuata. Walizikwa upande wa bara, karibu na mahali palipokuja kuwa Frere Town.

Tuutumie mnyambuliko wetu hapa. Krapf aliliandika kaburi lile kuwa alama ya kazi iliyoanza, na kwa mujibu wa maelezo yake Rosina mwenyewe alitaka azikwe bara ambako wapita njia wangeliona kaburi lake. Huenda kweli Rosina alijitoa. Lakini sauti yake imetufikia kwa kalamu ya mumewe, na kitoto hakikuwa na sauti kabisa. Msomaji makini anaweza kumheshimu marehemu na papo hapo akauliza: ni nani aliyepewa nafasi ya kuliita jambo hili sadaka?

Pana pia utoaji wa fedha. Mwaka 1888 mabwana wa watumwa walipowadai watoro waliokuwa Rabai, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikijiandaa kuitawala pwani ilisimamia malipo ya kuwakomboa, na siku ya kwanza ya Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru. Ilikuwa fidia, na wengi walifurahi. Lakini kuna kinaya ndani yake. Aliyelipwa fidia ni bwana aliyemiliki, wala si mtu aliyefanyishwa kazi bila ujira. Na kampuni iliyolipa ilikuwa ikinunua amani na wenye nguvu wa pwani ili biashara yake ipite. Utoaji huo ulikuwa na manufaa, ila tusiuite kujitoa.

Waliojitoa

Sasa tuje kwa wale ambao kitabu kinawapitia haraka. Watu wa Frere Town walianza maisha bila jamaa. Waliunda ndoa, nyumba na ujirani na watu wasiowajua. Walilima, walijenga, walisomesha watoto. Walijifunza kuishi kwa kengele ya sala asubuhi na jioni. Walifunga katika Kwaresima na kutoa sadaka kanisani katika ujira mdogo walioupata. Mtu ambaye jana alikuwa bidhaa, leo anasimama kanisani, anatia mkono mfukoni na kutoa kilicho chake. Tendo hilo dogo lilikuwa tangazo la uhuru kuliko hati yoyote. Hadithi ya Injili ya mjane aliyetoa sarafu zake mbili hekaluni ilikuwa na maana ya pekee kwa watu kama hao.

Mfano ulio bora zaidi haumo katika simulizi ya Mbotela bali katika historia ya mji huohuo. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alifunga safari ya kwenda Uganda kwa njia mpya ya Busoga. Msaidizi wake mkuu alikuwa William Jones, aliyekuwa ametoka kupewa ushemasi mwaka huo. Hannington aliwaacha Jones na sehemu kubwa ya msafara huko Magharibi mwa Kenya, akatangulia na watu kama 50. Mwezi wa Oktoba aliuawa pamoja na karibu wote aliokwenda nao. Jones alingoja, akapata habari, kisha akauongoza msafara uliobaki kurudi hadi pwani, ukifika mapema mwaka 1886 chini ya bendera iliyoandikwa Ikabodi, neno la Kiebrania katika Biblia linalomaanisha kwamba utukufu umeondoka.

Hannington anakumbukwa duniani kote kama shahidi wa imani. Wapagazi waliouawa naye hawatajwi kwa majina katika vitabu vingi. Na Jones, aliyebeba dhima ya kuwarudisha hai mamia ya maili wale waliosalia, anajulikana na wachache. Kama kifo cha Hannington kilikuwa sadaka, basi safari ya Jones ya kurudi nayo ilikuwa sadaka, tena ya aina ile aliyoieleza Paulo: dhabihu inayoendelea kutembea.

Nidhamu ya ndani na amri ya nje

Huenda mwanafunzi akauliza: je, sala za kengele na kanuni za mji hazikuwa amri tu? Swali hili ni zuri, na mwalimu asilikwepe.

Historia inatuonyesha kwamba mstari huo ulivukwa. Katika mwaka 1881 ulizuka mgogoro mkubwa juu ya adhabu kali, pamoja na viboko, zilizotolewa Frere Town chini ya msimamizi wake J. R. Streeter. Hata wakubwa wa shirika na wa serikali ya Kiingereza walilazimika kulichunguza jambo hilo. Watu waliotoka katika minyororo walichapwa na waliowakomboa. Mtu anapolazimishwa kujinyima, hajinyimi, ananyimwa. Anaporejeshwa katika hali ya kutendwa, nidhamu ya kiroho hugeuka kuwa utawala.

Biblia yenyewe inawapa wasomaji Wakristo kipimo cha kulihukumu hilo. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anawakemea wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao, na kuwaambia kwamba mfungo unaompendeza Mungu ni ule wa kuwafungulia walioonewa. Kiswahili kinalipa fundisho hili ladha ambayo lugha nyingi hazina. Kufunga ni kujizuia kula. Kufunga pia ni kutia kamba au mnyororo. Na kinyume chake ni kufungua. Anayefunga kwa ajili ya Mungu sharti amfungue mwenzake. Anayefunga chakula huku akiwafunga watu, mfungo wake una ila. Sijui kama kuna kitabu cha Kiswahili kinachofaa kusomeshwa pamoja na wazo hili kuliko hiki, ambacho kutoka ukurasa wa mwanzo kinahusu waliofungwa na kufunguliwa.

Kwa kipimo hicho tunaweza kumkosoa Mbotela kutoka ndani ya imani yake mwenyewe, bila ya kuazima kipimo kigeni. Kosa la kitabu si kwamba kimeshukuru. Kosa ni kwamba shukrani imewaendea wafunguaji peke yao, na walipogeuka wakafunga, msimulizi hakuinua sauti.

Kukifundisha kitabu katika darasa la Mombasa

Madarasa yetu ya Kisauni, Likoni na Changamwe yana watoto Waislamu na Wakristo kwenye dawati moja. Kitabu kinachosifu ukombozi wa Kikristo na kuwachora Waarabu kwa ubaya mtupu kinaweza kuwasha moto. Mwalimu azingatie mambo matatu.

Kwanza, aeleze kwamba biashara ya watumwa ilishirikisha watu wa mataifa na dini nyingi: wenye mashamba wa pwani, wafanyabiashara wa bara, machifu waliouza mateka wa vita, wenye mitaji kutoka ng'ambo, na mataifa ya Kikristo ya Ulaya yaliyosafirisha mamilioni kupitia Atlantiki. Mhusika katili wa kitabuni asigeuzwe kuwa jirani wa mwanafunzi.

Pili, aonyeshe kwamba dhana ya sadaka ni ya pamoja. Kisa cha Ibrahimu kuwa tayari kumtoa mwanawe kinasimuliwa na pande zote mbili, na kila mwaka Idi ya kuchinja hukikumbusha mitaani mwetu. Kujinyima kwa Ramadhani na kwa Kwaresima kunafanana katika lengo: mtu huitawala nafsi yake ili amkumbuke Mola na mhitaji. Utenzi wa Ayubu, uliotungwa na Waislamu wa pwani, unasimulia subira ya mtu ambaye Wakristo nao wanamsoma. Mwanafunzi Mwislamu ana mengi ya kuchangia katika somo hili, na apewe nafasi.

Tatu, atenganishe uhakiki na mahubiri. Hatumwulizi mtahiniwa kama anaamini. Tunamwuliza kama anaelewa imani ya wahusika inavyoyaongoza matendo yao, na kama anaweza kupima matendo hayo kwa ushahidi wa maandishi.

Mwongozo kwa mtahiniwa

Tulinganishe aya mbili za majibu. Aya dhaifu ingesema: "Wamisionari wamejitolea kwa sababu waliwasaidia watumwa. Walikuwa na roho nzuri. Hii inaonyesha dhamira ya kujitolea." Aya hii ina dai, lakini haina ushahidi wala uchambuzi.

Aya yenye nguvu ingesema: "Msimulizi anawasawiri wamisionari kama waliojitoa, kwani waliacha makwao na kuwalea waliokombolewa. Hata hivyo, anayesema hivyo ni mwana wa jamii iliyolelewa na wamisionari, kwa hiyo sauti yake ni ya ushuhuda na shukrani. Matukio yanaonyesha kwamba waliokombolewa nao walijinyima walipojenga mji mpya bila jamaa. Sadaka yao ina uzito kwa kuwa waliitoa mara tu walipopata uhuru wa kuwa na kitu cha kutoa." Aya hii imetaja msimulizi, imetofautisha kauli na matukio, na imefikia uamuzi.

Njia hii itamfaa mtahiniwa hata katika vitabu teule. Akimsoma Neema katika Bembea ya Maisha, aulize kama anajitoa kwa hiari au anatolewa na matarajio ya jamii. Akimsoma Mwelusi, aulize ni nani walionufaika na kifo chake. Akifanya hivyo, neno "kujitolea" halitakuwa lebo ya kubandika bali swali la kuchunguza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sadaka katika Uhuru wa Watumwa si jambo moja. Kuna waliotolewa bila hiari, waliotoa walivyokuwa navyo, na waliojitoa wenyewe siku baada ya siku. Msimulizi amewapa sifa kubwa wale wa kundi la pili. Uhakiki wa haki unapaswa kulirudishia kundi la tatu heshima yake, bila ya kuwadharau wengine. Kitabu kina upungufu wa kisiasa usiofichika, lakini kimetuhifadhia kumbukumbu ya watu waliofika Kisauni wakiwa si mali yao wenyewe, wakajifunza kwamba mtu huru hutambulika kwa kile anachokubali kukitoa. Wajukuu wao wangali miongoni mwa wanafunzi wetu. Inafaa wakisome kitabu hiki, na inafaa wakisome kwa macho makali.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha maneno sadaka, kafara, fidia na mhanga, kisha utungie kila neno sentensi moja inayodhihirisha maana yake.
2. "Mtu hawezi kutoa kisicho chake." Jadili kauli hii kwa kurejelea Uhuru wa Watumwa.
3. Eleza jinsi nafasi ya msimulizi inavyoathiri usawiri wa wamisionari, Waarabu na waliokombolewa katika kitabu hiki.
4. Chagua mhusika mmoja kutoka kitabu teule unachokisoma. Kwa kutumia hali za kutoa, kutolewa na kujitoa, onyesha kama matendo yake yanastahili kuitwa sadaka.
5. Mhoji mzee mmoja wa mtaani kwenu kuhusu asili ya jina la mahali mnapoishi. Andika masimulizi yake, kisha ubainishe ni nani anayesifiwa na ni nani asiyetajwa.